Maneno ya filamu hayasikiki, milipuko inatikisa madirisha: nilivyotatua

Spika zote tano na sabufa (spika ya besi) zilikuwa nzima, waya zimekazwa vizuri, lakini ya katikati ilikuwa kimya kabisa. Na hiyo ndiyo yenye kazi kubwa: kwenye mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja), sehemu kubwa ya mazungumzo hupitia hapo.

Jibu lilikuwa kwenye kioo cha amplifaya: kilisoma PCM 2.0. Yaani runinga ilikuwa inaibana sauti iwe ya chaneli mbili kabla ya kuituma. Niliingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, nikaitoa PCM na kuweka Bitstream, inayotuma sauti kama ilivyo hadi kwenye amplifaya. Papo hapo kioo kikasoma Dolby Digital 5.1, na waigizaji wakaanza kusikika katikati ya skrini.

Ila sauti zao zilivuma kama za mtu aliye ndani ya pipa, kwa sababu spika ilikuwa imezama kabatini. Niliivuta hadi ukingoni, nikaiinua mbele kwa kipande cha mpira ili ielekee masikioni.

Sabufa ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Niliiweka juu ya kochi, ninapokaa, nikapiga muziki wenye besi nyingi, kisha nikatambaa kando ya kuta nikisikiliza. Pale besi iliposikika safi bila kuvuma ndipo nilipoihamishia. Jaribuni hili kabla ya kununua sabufa kubwa zaidi!

Mpaka wa masafa, yaani pale ambapo sauti nzito huachiwa sabufa, niliuweka 80 Hz, na spika ya katikati nikaiongezea desibeli 2.