Neti haikukatika

Alhamisi usiku, saa tano na nusu, na bado namsikia yule mtoto. Jina lake silijui, yuko mkoa gani silijui, ila sauti ndiyo kwanza inamvunjika, kwa hiyo namkadiria miaka kumi na nne, kumi na tano. Jumatatu tuliangukia timu moja kwenye PUBG, lile gemu la simu la kupigana kisiwani: mimi, mpwa wangu Kassimu, huyo mtoto, na mtu wa nne ambaye hakutoa neno tangu tunaruka kwenye ndege mpaka anakufa. Kisiwani zilikuwa zimebaki timu sita. Nikamwona mtu anachepuka nyuma ya jiwe. Nikafungua maiki.

"Mi... mmm... mi... mi..."

"Kaka, neti yako inakatakata," yule mtoto akasema. "Badili laini."

Na mimi nikamjibu, tena bila kukwama hata herufi moja: "Eeh, neti ya huku Tanga hii."

Basi, ni hilo tu. Nina siku tatu naligeuza kama chapati. Hapo katikati Zuhura kaposwa, mahari imekubaliwa, wazee wamekula biriani wakaenda zao, bosi kahamishiwa Dar (alhamdulillahi kwa yote mawili), na mimi bado nimechutama mbele ya lile jiwe.

Mlionisoma tangu ile habari ya kuitwa jina dirishani mnajua kigugumizi changu kinapokaa. Kiko kwenye B na M. Naitwa Bakari, kwa hiyo kazi huanza pale pale mtu anapouliza jina. Na sijui ni hesabu ya nani, mtu wa M akazaliwa Tanga: Makorora, Mabawa, Msambweni, Mwanzange, Mikanjuni, Majani Mapana. Watu hunisifu kwamba napenda mazoezi, kila mahali naenda na baiskeli. Mazoezi gani. Baiskeli haikuulizi unakwenda wapi.

Sasa wacheza PUBG wanaijua ile dira juu ya kioo, yenye digrii mpaka 360. Ukimwona adui unataja namba, wenzako wanageuka. Akija upande wa sabini, themanini, tisini, mimi ni mtangazaji wa redio. Kuanzia mia kwenda mbele ni kilio. Mia na kumi, mia mbili, mia tatu na kitu: karibu robo tatu ya dunia inaanza na M. Yule wa nyuma ya jiwe alikuwa mia mbili na arobaini. Nilipokuwa bado naitafuta hiyo mia, Kassimu alishalala chini, yule bubu wa nne alishalala chini, ndipo likaja hilo la neti.

Kassimu alikuwa pembeni yangu mkekani. Alinitupia jicho moja, akarudi kwenye simu yake. Hakucheka wala hakuuliza. Ningependa angecheka.

Kinachoniuma nimekitafuta kwa tochi. Mtoto hakunitukana. Nimeshaitwa kila jina na watoto wa Kiswahili, na wakubwa zao, na mwalimu mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akinisubiri huku akihesabu kwa vidole ili darasa lione nimechukua sekunde ngapi. Huyu alinipa ushauri wa kiufundi. Kinachouma ni ile "eeh" yangu. Ilivyotoka haraka! Kama ilikuwa imekaa tayari mdomoni miaka thelathini na nane inasubiri mtu aulize.

Dada yangu, mama Kassimu, angekuwa na amri angefuta maongezi ya sauti kwenye magemu yote. Ana sababu. Ramadhani iliyopita tumekaa kufuturu, simu ya Kassimu iko kabatini, spika wazi, gemu halijafungwa. Sisi huku tunaangukia sana na Waarabu. Jamaa mmoja huko kwao akaporomosha tusi refu la Kiarabu, kwa hisia, karibu na kulia. Bamkubwa, mkono uko kwenye kaimati, akaitikia "Amin." Mpaka leo hakuna aliyemwambia. Dada anasema hicho ni kidogo tu, mtoto wa kike akifungua maiki anaambiwa mambo hata huwezi kuyarudia, na hapo simbishii, nimeyasikia kwa masikio yangu. Wenye magemu wenyewe wanajua. Mwaka 2021 Riot, wale wenye gemu la Valorant, walibadili masharti yao ili waweze kurekodi mazungumzo ya wachezaji na kuyasikiliza mtu akishtakiwa. Dada nikamwambia hivyo nikidhani atafurahi. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu anatukanwa halafu anarekodiwa?"

Kassimu naye anasema gemu lisilo na sauti ni kama kucheza mpira umefungwa kitambaa mdomoni. Akatoa mfano wa Among Us, ule wa kutafuta muuaji ndani ya chombo cha angani. Mchezo mzima ni kubishana na kusingiziana, na walioutunga mwaka 2018 hawakuuwekea sauti ndani. Watu walifanyaje? Walikwenda kuongelea Discord, programu nyingine kabisa ya maongezi. Maana yake, anasema, ukiwanyima mlango watapita dirishani, na huko dirishani hakuna hata kitufe cha kumshtaki mtu kwa wenye gemu. Mtoto wa kidato cha pili. Mahakamani angepewa dhamana siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa na jibu langu siku nyingi, na jibu lilikuwa Apex Legends, gemu jingine la bunduki. Mwaka 2019 walikuja na kitufe kimoja. Unaelekeza bunduki ulipomwona adui, unabonyeza, alama inatokea kwenye vioo vya wenzako, na mhusika wako mwenyewe anatamka kwamba adui yuko pale. Anatamka yeye! Kwa sauti safi, ya kushiba, bila kukwama. Nilipokiona mara ya kwanza nilikibonyeza kwenye ukuta mtupu mara ishirini. Nikawa nahubiri: sauti iwepo, lakini izimwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe, na kila gemu liwe na kitufe kama kile, ili asiyeweza, asiyetaka, aliyelaza mtoto, asiyejua lugha ya wenzake, wote wacheze. Bado nahubiri hivyo.

Ila PUBG nayo ina alama. Ina na maneno ya kubonyeza yaliyorekodiwa, la adui yuko mbele likiwemo. Kitufe kilikuwa chini ya kidole gumba changu Jumatatu, nafasi ya nukta moja. Mimi nikafungua maiki.

Hapo ndipo nilipokwama tangu Jumatatu hiyo, maana jibu lake lilinitia aibu kuliko kigugumizi chenyewe. Nilitaka kuongea. Hivyo tu. Mchana kutwa nafanya kazi na makaratasi ya forodha, nawasiliana kwa meseji na barua pepe, mawakala wenzangu wengine hawajawahi kunisikia. Usiku nikiwa mtu asiye na sura, nilitaka kusema "mia mbili na arobaini" kama watu.

Jana usiku yule mtoto akaniita tena. Alikuwa ameniomba urafiki, sikujua. Nikasita, nikaingia. Safari hii nadhani alikuwa amecharaza spika ya simu mpaka mwisho, maana kila nilichosema kilinirudia masikioni kimechelewa kidogo, kama mtu anayeita kisimani. Wengine ikiwatokea hiyo hukasirika, wanashindwa hata kumaliza sentensi. Tukapanda ghorofa, nikaona wawili wanavuka barabara, nikafungua maiki bila kufikiri.

"Wawili, mia mbili na arobaini, wanakuja mlangoni."

Ikatoka yote. M zote. Nikaisikia inarudi kutoka kwa yule mtoto, sauti yangu, nzima nzima, na nikapigwa risasi kwa sababu niliacha kucheza ili niisikilize.

Ninajua ni nini, nilishawahi kusoma. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wanajua kwamba baadhi ya wenye kigugumizi wakisikia sauti yao wenyewe imecheleweshwa kidogo, ulimi hulegea. Na mwenye ulimi mwepesi ukimfanyia hivyo hivyo huanza kubabaika yeye. Kuna vifaa vinauzwa vya kuvaa sikioni. Ni ndugu na lile jambo la kaswida: nikiimba na wenzangu sikwami, nikisoma Kurani sikwami, na mama alikuwa akilitumia kama ushahidi kwamba hapo zamani nilirogwa. Nalijua lote hilo. Bado nilikaa mkekani natabasamu kama aliyechaguliwa.

"Ulibadili laini eeh?" yule mtoto akasema.

"Nimebadili."

Laini ile ile. Bando lile lile la wiki. Sasa nimemdanganya mara mbili, na la pili sijutii hata kidogo, nashangaa mwenyewe. Leo nikiwa kazini nilijaribu kupanga namna ya kumwambia. Nikaona vile itakavyokuwa. Atakuwa ananisubiri. Atakuwa mpole. Muuza mihogo wa pale kona ni mpole, ananimalizia maneno, na nimeshakula mihogo ya pilipili miaka sita kwa sababu nikianza tu yeye anamalizia "pilipili" na mimi naona tabu kumrudisha. Huyu mtoto hanimalizii. Anadhani tatizo liko kwenye mnara, anavuta subira na mnara, anasema "rudia, imekata." Nami narudia. Hakuna mtu mjini hapa aliyewahi kuniambia nirudie.

Kassimu, aliyenyamaza tangu Jumatatu, aliniuliza leo asubuhi akiwa anavaa viatu: "Anko, leo usiku tunacheza na yule dogo?" Nikasema tutacheza. Hatukucheza, umeme ulikatika saa mbili, umerudi sasa hivi simu yangu ikiwa na asilimia nne.

Na upepo umeanza. Ule mnazi wa nyuma umezidi kuinamia jiko la Mama Salma, leo ameniambia kwa upole mara ya tatu, na upole wake unakwisha. Mkwezi alisema elfu thelathini kuukata, nikakubali, hajatokea. Nimemwandikia meseji mbili. Hasomi meseji yule, mpaka apigiwe.