Sekta 2048

Jana saa nne usiku diski ilijaa. Amri ya df -h, inayoonyesha nafasi ya diski, ilionyesha asilimia 100, hifadhidata ikagoma kuandika, na watu bado walikuwa kazini kwenye seva hiyohiyo. Kuizima sikutaka hata kufikiria.

Diski yenyewe nilishaiongeza kutoka GB 40 hadi GB 80, maana seva ni mashine pepe, kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine. Ila patisheni ya mzizi, yaani sehemu ya diski inayobeba mfumo wenyewe, ilibaki na ukubwa wake wa zamani, na baada yake imekaa swapu ya GB 2, sehemu ya diski inayosaidia RAM, imeziba njia. Nikachukua nakala ya diski nzima kwanza. Kisha nikaizima swapu kwa swapoff, nikafuta mstari wake kwenye fstab, orodha ya sehemu za diski ambazo mfumo huziunganisha unapowaka, nikafungua fdisk, programu ya kugawa diski. Growpart, programu ya kupanua patisheni, ingenirahisishia, lakini haikuwepo, nami sikuthubutu kusakinisha kitu kwenye diski iliyojaa.

Swapu niliifuta bila wasiwasi. Iliyofuata ndiyo iliyonitoa jasho: kufuta patisheni ambayo mfumo mzima unaendeshwa juu yake. Diski huhesabiwa kwa vipande vidogo viitwavyo sekta, nami niliandika kwenye karatasi: mwanzo, sekta 2048. Nikaisoma mara tatu. Nilijua vizuri kwamba jedwali la patisheni ni namba tu, linasema inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukichana hati ya shamba, udongo hauondoki. Hata hivyo kidole kilisita juu ya herufi d, ya kufuta.

Nikaiunda upya, mwanzo uleule 2048, mwisho GB 60. Fdisk ikauliza kama iondoe alama ya ext4, mfumo unaopanga faili zangu, iliyoikuta pale. Hapana! Swali hilo huja wakati umechoka, na ukijibu ndiyo kwa haraka utajutia. Nikaandika w, ya kuhifadhi mabadiliko. Ikalalamika kwamba diski inatumika, keneli, yaani kiini cha mfumo, bado inashika jedwali la zamani. Amri ya partx -u /dev/vda, inayoijulisha keneli jedwali jipya, ikalimaliza hilo.

Halafu resize2fs /dev/vda1, ya kuitanua ext4 ijaze patisheni mpya. Sekunde chache tu, hakuna aliyetolewa kwenye mfumo. Df ikashuka hadi asilimia 64.

GB 20 nimeziacha wazi kwa makusudi. Ext4 hukubali kukua ikiwa inatumika, lakini kuipunguza lazima kwanza uiondoe kwenye matumizi, na kwa patisheni ya mzizi hiyo ni kuwasha mashine kwa mfumo mwingine. Ningeipa zote 80, nisingeweza kuzirudisha kirahisi.

Asubuhi nimerudisha swapu, safari hii kama faili.