Menšík: kutoka kiti cha magurudumu hadi ubingwa wa Miami

Januari 2022, fainali ya vijana ya tenisi ya Australian Open ilidumu saa 3 na dakika 43. Jakub Menšík wa Ucheki, miaka 16, alibanwa na misuli akaanguka kwenye pointi ya mwisho, akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Kipaji alikuwa nacho. Mwili ndio ulikuwa haujakomaa.

Kwa wakubwa kazi huzidi: kwenye Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa ya tenisi, wanaume hucheza hadi seti 5, na wa nafasi za chini huanzia mchujo, yaani mechi 3 za ziada. US Open 2023 aliupita, akafika raundi ya tatu.

Machi 2025, Miami, akamfunga nyota Novak Djokovic 7-6, 7-6 kwenye fainali. Taibreki mbili, yaani gemu za kuamua seti ikifika 6-6! Hapo ndipo sevu yake nzito, mpigo wa kuanzisha pointi, inapolipa.