Mvua Juu ya Bati

Masika ya mwaka 2016 nilikwenda Kilosa kuendesha mafunzo ya siku mbili kwa kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu 27, wengi wao kina mama. Nilikuwa nimejiandaa hasa: slaidi 40, projekta ya kuazima, na jenereta ya kukodi kwa kuwa ofisi ya kijiji haikuwa na umeme.

Nilitangaza tuanze saa tatu asubuhi. Saa tatu tulikuwa watu wawili, mimi na katibu. Niliudhika, hadi walipoanza kuingia mmoja mmoja kwenye saa tano, miguu imejaa tope. Ulikuwa wakati wa palizi, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote saa gani inamfaa. Jenereta nayo iliunguruma robo saa ikazima. Nikagawa kadi na kalamu nene waandike matarajio yao. Mama mmoja wa makamo aliishika yake, akaigeuza vidoleni, akairudisha mezani taratibu. Nilimwonea uchungu sana. Kusoma hakujui, nami nimemfanya aonyeshe hilo mbele ya wenzake.

Nikaagiza kilo ya maharage dukani. Punje moja, hisa moja ya shilingi 2,000. Mtu hununua hisa moja hadi tano kila mkutano. Tukaweka mezani sanduku lao la chuma lenye kufuli tatu, tukaanza mkutano wa kuigiza. Ukaenda vizuri, ila mtunza sanduku, mzee mwenye maneno mengi, alijibu kila swali, hata nililomwelekezea mwingine.

Ndipo mvua ikashuka. Ofisi ile haina dari. Bati lilipiga kelele nisiisikie hata sauti yangu. Nilipaza mpaka koo likauma, nikanyamaza, nikawaashiria waendelee. Mzee naye akanyamaza. Mabenchi yakasogezwa, vichwa vikakaribiana, maharage yakahesabiwa kwa vidole.

Yule mama akainuka. Akamwendea mmoja wa watunza funguo watatu, akachukua ufunguo wake, akauweka juu ya sanduku, akalisukuma sanduku lote mapajani kwa mzee. Kisha akaunganisha viganja, akavilalia kwa shavu, macho kayafumba. Watu wote wakaangua kicheko. Mimi sikuelewa kitu mpaka dada aliyeketi jirani yangu aliponisemea sikioni: mtunza ufunguo yule ni mke wa mzee.

Mwili ulinisisimka. Anayelaza sanduku kwake hapaswi kuwa na ufunguo hata mmoja. Hilo nilikuwa nimelifundisha vikundi vingi, na asubuhi ile nilikuwa nimelisema tena. Sikuwahi kuuliza nani analala nyumba moja na nani. Na swali hilo ndilo linaloshika akiba ya mwaka mzima, kuliko slaidi zote nilizobeba.

Mvua ilipopungua, mzee alikuwa bado ameinamia sanduku. Nilihofia ameaibika, na kwamba kikundi kitavunjika mikononi mwangu. Akauinua ufunguo, akamnyooshea yule mama.

"Shika wewe, dada yangu. Wewe unakaa ng'ambo ya mto."

Mama akaupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akarudi kwenye benchi lake kumalizia kuhesabu maharage.