Kabla ya kuuliza hospitali ni ya nani, uliza daktari analipwaje

Daktari wa familia nchini Uingereza, kwenye mfumo ambao watu huutaja wa kwanza wakizungumzia tiba ya serikali, kwa kawaida si mtumishi wa serikali. NHS, yaani huduma ya taifa ya afya ya huko, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri wa afya Aneurin Bevan, hospitali zilitaifishwa lakini madaktari hawa walibaki wakijitegemea kwa mkataba. Hadi leo wengi wao ni wabia katika kliniki zao wenyewe, na sehemu kubwa ya malipo yao hufuata idadi ya watu waliojiandikisha kwao. Vuka maji uende Uholanzi: tangu sheria mpya ya mwaka 2006, wakazi hukata bima ya lazima kwa kampuni binafsi, ila kampuni hairuhusiwi kumkataa mtu kwenye bima ya msingi wala kumpandishia ada kwa kuwa anaumwa. Nenda Marekani, nchi ya bima za kibiashara, ukute hospitali za wanajeshi wastaafu zinazomilikiwa na serikali, madaktari wake wakila mshahara wa serikali.

Ndiyo maana swali la "upi bora, wa umma au wa binafsi" halijibiki likiwa zima. Lina vipande vinne ndani yake: nani anachangisha fedha, nani anazishika na kuamua zinunue nini, nani anamiliki jengo na mashine, na daktari analipwa kwa hesabu gani. Nchi inaweza kujibu "umma" kwenye kipande kimoja na "binafsi" kwenye kingine. Taiwan ina mfuko mmoja wa taifa tangu 1995, na hospitali nyingi zinazotibu wanachama wake ni za binafsi. Mijadala mingi huishia kwenye kipande cha tatu, cha jengo, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote.

Hesabu ya mfuko

Tuhesabu bila kutaja sarafu ya nchi yoyote. Watu 1,000 wako kwenye mfuko mmoja. Mwaka huu 20 wataugua sana, kila mmoja kwa gharama ya 10,000. Waliobaki 980 watatumia 50 kila mmoja. Jumla ni 249,000, kwa hiyo kila kichwa kichangie 249. Bila mfuko, wale 20 wanatafuta 10,000 kila mtu usiku uleule anaougulia.

Sasa fanya uanachama uwe wa hiari. Vijana 300 wenye afya wanaona wanalipa 249 ili watumie 50, wanajitoa. Gharama zinashuka kidogo tu, hadi 234,000, lakini wachangiaji wamebaki 700, na ada inafika 334. Kwa ada hiyo wanatoka wengine 300. Sasa ni 219,000 kwa watu 400, yaani karibu 548 kwa kichwa. Mizunguko miwili imetosha kuzidisha ada maradufu, na hakuna aliyeiba hata senti.

Dawa ya ugonjwa huo ni moja kati ya hizi: uwalazimishe wote wachangie, kwa kodi au kwa sheria ya bima, uwachukue watu kwa makundi, kwa mfano wafanyakazi wote wa kampuni moja, au umzuie mgonjwa mlangoni. Bima ya hiari ya mtu mmoja mmoja hukimbilia hiyo ya tatu. Ule muda wa kusubiri kabla ya kulipiwa uzazi, na kile kifungu cha ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga, ndiko vilikotoka. Ukivifuta kwa amri bila kulazimisha watu kujiunga, umeirudisha hesabu ile ya 548. Waholanzi waliviondoa kwenye bima ya msingi kwa kuweka ulazima, kisha wakaongeza mfuko wa kusawazisha: kampuni yenye wazee na wagonjwa wengi hupata nyongeza, ili isiwe hasara kumpokea mgonjwa wa kisukari.

Ulazima nao una sehemu unapokwama. Kumkata mwajiriwa mchango kwenye mshahara ni rahisi, na Ujerumani ilianzia hapo mwaka 1883 kwa wafanyakazi wa viwandani. Fundi, mkulima na mchuuzi hawana karatasi ya mshahara. Kuwafuata mlango kwa mlango kunaweza kula nusu ya kinachokusanywa, na anayekuja kulipa kwa hiari yake huwa tayari anaumwa. Thailand mwaka 2002 iliacha kuwafukuzia: waliokuwa nje ya mifuko ya waajiriwa wakawekwa chini ya kodi ya kawaida, na mgonjwa akatakiwa kutoa baht 30 tu kila anapokwenda hospitali.

Kidole tumbo kimoja, bili nne

Hapa ndipo penye uhondo. Chukua mgonjwa mmoja mwenye kidole tumbo kilichovimba, daktari mmoja, chumba kimoja cha upasuaji. Badilisha njia ya malipo tu, uangalie kinachotokea.

Akilipwa kwa kila huduma, bili inaorodhesha kumwona daktari, picha ya damu, ultrasaundi, dawa ya usingizi, glavu, nyuzi, dripu tatu, kitanda siku nne. Kila mstari ni mapato. Kipimo cha pili "kwa uhakika zaidi" kinaingia, na siku ya nne ya kulazwa inaingia. Mara nyingi si wizi. Daktari ana shaka kidogo, na mfumo unamlipa kuiondoa shaka hiyo kwa kipimo. Jumlisha shaka hizo kwa wagonjwa milioni moja, mfuko unayumba.

Akilipwa kwa kundi la ugonjwa, hospitali inapewa kiasi kimoja kwa upasuaji mzima, kama Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilivyoanza kufanya mwaka 1983. Dripu ya tatu sasa ni gharama kwa hospitali, kwa hiyo inatoweka. Mgonjwa anaruhusiwa mapema, wakati mwingine mapema mno. Na makarani wa kuandika misimbo ya magonjwa kwenye madai wanakuwa watu muhimu ghafla: kidole tumbo cha kawaida kinaandikwa "chenye matatizo", kwa sababu kundi hilo linalipa zaidi. Mkaguzi anayejua kazi yake huanza hapo, kwa kulinganisha asilimia ya wagonjwa "wenye matatizo" kati ya hospitali zinazofanana.

Akilipwa kwa kichwa, yaani kapitesheni, kliniki inapokea kiasi cha mwaka kwa kila aliyejiandikisha, aje asije. Faida yake ni kwamba inamlipa daktari kuzuia ugonjwa. Ubaya wake ni rufaa: mgonjwa mgumu anasukumwa juu, maana huko gharama si zake tena. Kidole tumbo chetu hakifanyiwi hata uchunguzi wa maana, kinaandikiwa barua. Malipo ya kichwa yasiyobeba tofauti ya umri huleta jambo jingine baya: kliniki inagundua kwamba orodha ya wazee "imejaa".

Akilipwa mshahara chini ya bajeti, hana sababu ya kukuongezea kipimo, wala hana sababu ya kukuhudumia leo badala ya kesho. Mahali ambapo daktari huyohuyo ana kliniki yake ya jioni, kesho hiyo inapata bei. Kuruhusu kazi mbili si kosa lenyewe. Bevan aliwaruhusu mabingwa wa hospitali tangu 1948. Inapokosekana orodha moja ya kusubiri, iliyo wazi, isiyoshikwa na daktari mwenyewe, ndipo mgonjwa wa asubuhi anageuka mteja wa jioni.

Mifumo inayodumu huchanganya. Thailand hulipa wagonjwa wa nje kwa kichwa na waliolazwa kwa kundi la ugonjwa, ndani ya bajeti yenye kikomo. Japani kwa sehemu kubwa imebaki na malipo ya kila huduma, lakini bei ya kila huduma hupangwa kitaifa na kupitiwa kila baada ya miaka miwili, hospitali ya serikali na ya binafsi zikitoza bei ileile.

Mchanganyiko ninaouogopa kuliko wote ni mfuko wa umma unaolipa hospitali yoyote, kwa kila huduma, bila daktari wa kwanza wa kupitia wala kikomo cha jumla. Unapendwa sana mwanzoni. Kisha unakufa kwa hatua zinazojulikana: madai yanapanda, mfuko unachelewesha malipo kwa siku 30, halafu 90, halafu 180; hospitali ndogo zinakosa fedha za dawa; zile kubwa zinaanza kumwambia mwenye kadi "mtandao uko chini". Ukitaka kuuona ugonjwa huo mapema, soma hesabu za mfuko. Michango ikiwa 100, madai 95 na uendeshaji 10, mfuko tayari unakula akiba, hata kama waziri anakata utepe.

Foleni inavyozaliwa

Watu hudhani foleni ya hospitali za umma ni uvivu. Tuseme wodi inahitaji kufanya upasuaji 10 kwa wiki na ina uwezo wa 10. Kwenye karatasi imelingana. Lakini siku ya umeme kukatika au daktari wa usingizi kuugua, upasuaji 2 unaahirishwa, na wiki ijayo hakuna nafasi ya kuwapokea hao 2. Hawatoki kwenye foleni milele. Kila hitilafu inaongezwa juu ya nyingine. Foleni ikifika 200 na ukaongeza uwezo hadi 12, itachukua wiki 100 kuimaliza.

Mara nyingi kinachokosekana si daktari mpasuaji wala chumba. Ni kitanda, na kitanda kimekaliwa na aliyepona Ijumaa ambaye karatasi zake za kuruhusiwa zinasubiri Jumatatu. Kuwa na mtu wa kuruhusu wagonjwa wikendi hununua upasuaji mwingi kuliko kujenga chumba kipya, ingawa hakuna anayekuja kumzindua mtu huyo.

Upande wa binafsi nao una foleni, ila haionekani, kwa sababu bei imeshawarudisha watu nyumbani. Utafiti wa taasisi ya RAND nchini Marekani, ulioanza miaka ya 1970, uligawa familia kwa bahati nasibu kwenye mipango yenye viwango tofauti vya uchangiaji. Waliolipa sehemu kubwa zaidi walitumia huduma kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipunguza huduma za lazima karibu sawa na zile zisizo za lazima, na maskini wenye shinikizo la damu walidhurika. Mgonjwa hana namna ya kujua ni kipimo gani cha kuruka.

Gharama za ofisi nitazigusa tu. Kampuni zikiwa nyingi, kila moja inahitaji wauzaji, wapima hatari na watu wa kukataa madai, na hospitali inaajiri watu wa kubishana nao. Mfuko mmoja unaokoa hapo, kisha unapoteza mahali pengine, kwa sababu ukikosea hakuna mfuko wa pili wa kukimbilia.

Karatasi kabla ya kusaini

"Bure" ya umma ina mipaka, na mipaka hiyo iandikwe. Bevan alijiuzulu mwaka 1951 serikali yake ilipoamua kutoza meno bandia na miwani. Sheria ya afya ya Kanada ya 1984 inazuia kumtoza mgonjwa nyongeza kwa daktari na hospitali, lakini dawa za kunywa nyumbani haizibebi. Ukilinganisha mifumo miwili, anza na maswali matatu: dawa za nje ya wodi, meno, na uangalizi wa muda mrefu. Fedha za familia huishia hapo.

Kwa bima binafsi, chukua kalamu. Bili ni 8,000. Makato ya mwanzo ni 500, unayalipa wewe, zimebaki 7,500. Uchangiaji wako ni asilimia 20, yaani 1,500. Bima inabaki na 6,000. Lakini mkataba una kikomo cha 5,000 kwa upasuaji. Unaongeza 1,000. Jumla yako ni 3,000 kwenye bima iliyotangazwa kuwa "inalipa asilimia 80". Neno kikomo ndilo la kuangalia: kuna kikomo cha kile bima itakacholipa, na kuna kikomo cha kile utakacholipa wewe. Cha kwanza kinailinda kampuni. Cha pili kinakulinda wewe. Japani inacho cha kila mwezi, kulingana na kipato.

Idhini ya awali, ile ya bima kukubali kulipa kabla hujatibiwa, hukwama kwa mambo madogo. Jina la kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye kadi. Msimbo wa ugonjwa haufanani na msimbo wa upasuaji ulioombwa. Au idhini ilitolewa kwa siku 14 na upasuaji ukasogezwa hadi ya 16. Omba nakala yenye namba na tarehe ya mwisho, usitegemee "wameshakubali" ya mapokezi.

Na kuna lile la daktari wa usingizi. Hospitali inaweza kuwa kwenye orodha ya bima yako, mpasuaji yumo, lakini anayekulaza usingizi anatoza kivyake na hayumo. Bili za namna hiyo zilisumbua Wamarekani mpaka sheria ya kuzizuia ikaanza kutumika Januari 2022. Pasipo na sheria kama hiyo, uliza kabla ya kuvaa gauni la upasuaji: nani atanilaza usingizi, maabara ni ya nani, picha itasomwa na nani, na wote watatu wamo kwenye orodha? Jibu waliandike kwenye fomu ileile ya idhini.