Mazuku, mikrobe na ile hesabu ya kuran (umeme)

Goma hatuna shida ya gazi karboniki (CO2), ile iko ya kumwaga. Inatoka chini ya ardhi, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa inalala kwenye mashimo, njo mazuku hiyo, inaua mbuzi, inaua batu pia, zaidi asubuhi mapema kama upepo umetulia, pande za Himbi mpaka kule Lac Vert. Tena ndani ya Ziwa Kivu wanahesabu karibu kilometa 300 za ujazo.

Sasa kuko mikrobe zinakula hiyo gazi kama unazipa kuran, minapenda sana hii story. Mwaka 2010 Kelly Nevin na Derek Lovley na wenzao, kule University of Massachusetts, Marekani, waliweka mikrobe moja, Sporomusa ovata, juu ya grafiti (kaboni inayopitisha kuran), wakapitisha kuran, basi ikachukua elektroni na gazi karboniki ikatoa asidi, ile ile ya siki. Hakuna sukari, hakuna jua! Mwaka mmoja kabla ya hapo, kikundi cha mtafiti Bruce Logan kilikuwa kimeshaonyesha zingine zinatoa metani, ile gazi ya kuwaka. Na usishangae sana, ndani ya ziwa letu sehemu ya metani inatoka kwa vidudu vya namna hiyo, ila zenyewe zinatumia haidrojeni, hakuna mtu anazilipia bili.

Njo pale kwenye grup watu walianza "tufunge mashine juu ya mazuku, tupate gazi ya kupikia, tuache makala (mkaa) ya Virunga". Apana bandugu, pole pole. Molekuli moja tu ya metani inadai elektroni 8, na kila hatua inapoteza moto, sasa kama kuran unayo si uiweke moja kwa moja kwa rishoo (jiko la umeme) upike maharagwe yako? Mtambo mzima wa umeme wa Matebe ni megawati 13.6, na mitaa mingapi bado inawasha mishumaa. Na mikrobe zenyewe ziko pole, zinafanya kazi zaidi pale zinagusana na elektrodi, yaani ile grafiti yenye kuran, kwa hiyo unahitaji grafiti nyingi mno.

Mimi ningetafuta asidi, siyo metani, sababu kupika kuran inaweza, lakini haiwezi kushika nafasi ya asidi nyumbani kwako. Na ningeanzia Bukavu: matangi ya bia, kama kiwanda kinafanya kazi, yanatoa gazi karboniki safi, haina haja ya kuifukuza kwenye mashimo, na mitambo ya umeme ya mto Ruzizi iko pale pale, usiku watu wakilala maji bado yanapita.