Laura Roslin na Kitabu Alichokichoma

Katika tamthilia ya Battlestar Galactica, iliyorushwa nchini Marekani hadi 2009, Laura Roslin anaambiwa na daktari kwamba ana saratani ya matiti siku ileile ambayo maadui wanaangamiza karibu watu wote wa sayari zao, na kabla hajalimeza hilo anaapishwa kuwa rais. Unabii wa kale unasema kiongozi anayekufa ndiye atakayewaongoza watu hadi nchi mpya, ila yeye hataingia. Roslin anajiona humo, anaamini.

Kinachonigusa zaidi ni imani hiyo inapovunjika. Dunia waliyoitafuta kama nchi hiyo mpya wanaikuta imekuwa jivu, naye anazichoma kurasa za kitabu cha unabii na kuacha matibabu. Anayebaki naye ni Adama, kamanda aliyewahi kumtia kizuizini (penzi lao linaaminika, nadhani, kwa kuwa halikuharakishwa). Baadaye watu wanapata sayari nyingine ya kuishi, na huko Roslin anakata roho ndani ya chombo kidogo, wakiruka juu ya makundi ya wanyama, na Adama anamvisha pete yake mwenyewe.

Mwishoni tamthilia inaitaja Tanzania kuwa sehemu ya nchi hiyo mpya waliyoipata. Roslin aliikanyaga akiwa hai, kinyume cha unabii, na sidhani kama watunzi walipitiwa.